Mlango wa Baba Unaotazama Kaskazini

Cheongho, Sokcho,
3 Machi 2021.

Mpendwa mdogo wangu Ok-bun,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi ambayo wewe umeshaisahau. U mzima? Kifua kimetulia? Na shemeji, bado anakataa kuvaa barakoa akienda kununua mkate? Mwambie nimesema aache ujana. Kila mara jina la São Paulo linapotajwa redioni nasimama, hata kama kijiko kiko mdomoni, na wanalitaja mara nyingi mno siku hizi.

Mimi sijambo, ukiacha magoti. Chanjo ya watu wa umri wangu bado haijafika huku. Tunaambiwa tusubiri majira ya kuchipua. Kusubiri ni kazi ninayoijua vizuri.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hatuzungumzi. Binti yangu Hwa-jin ndiye anayeishika, na sisi wawili tunapungiana mikono kama watoto waliowekwa dirishani. Hili ninalotaka kulisema halifai kupungiwa mkono. Binti yangu amekutumia karatasi za nyumba ya Baba uzipeleke ubalozini ukazitie sahihi, kwa kuwa Baba alituachia sote wawili. Nakuomba usiende kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Kwanza ujue tunavyoishi. Tuko wanne katika fleti yenye vyumba viwili. Mjukuu wangu Se-rin anasoma shule yake yote kwenye meza ya jikoni, na tukitaka kula lazima tumngojee mwalimu wa hesabu amalize. Hwa-jin amefunga ofisi yake ya udalali pale chini, maana hakuna mteja anayeingia, na ameleta meza yake chumbani kwangu. Meza ilitaka dirisha, kitanda kikasukumwa, na mto wangu ukaangukia upande wa kaskazini, wanakoelekezwa vichwa vya wafu. Nikamwambia mkwe wangu Dong-pyo, "Umenilaza kama maiti, mwanangu." Akaona aibu, akataka kukigeuza, lakini mlango wa kabati haukufunguka. Tangu siku hiyo nalala sakafuni.

Klabu ya wazee ina kufuli mwaka mzima sasa. Mzee Pyo, yule aliyekuwa akikutania kwa sababu ya meno yako, alikufa Desemba. Habari ilifika kwenye simu ya Hwa-jin: jina, umri, ombi kwamba watu wasije, na chini yake namba ya akaunti ya benki kwa wanaotaka kutoa rambirambi. Nimemjua mtu huyo tangu tukiwa watoto tunaogombania makaa yaliyodondoka bandarini, nami nikamzika kwa kidole kimoja.

Kazi ya Hwa-jin nayo imegeuka. Mwanzoni wapangaji walikataa kufungua milango. Ungemsikia akibembeleza kwenye ngazi: "Mama, dakika mbili tu, tumevaa soksi za plastiki, hatutagusa kitu, hatutapumua!" Na mtu ndani anajibu, "Basi pumua huko huko nje!" Hapo ndipo alipoanza kuuza nyumba kwa simu. Anawasha taa zote, anafungua bomba, anavuta maji ya choo ili mteja wa Seoul asikie nguvu yake. Nimejifunza ufundi wake kwa kumsikiliza nikiwa nimejifunika blanketi. Nyumba inayotazama kusini anaianza na dira: "Tazama mwenyewe, mama, mshale umelala kusini!" Ya mashariki anaianza na jua la asubuhi. Ya magharibi anaianza na jiko. Nyumba ya kaskazini sikuwahi kumsikia akiianza, kwa sababu haipati jua na hakuna mtu anayeitaka.

Wateja hawakosekani. Watu wa Seoul wamechoka kufungiwa, wamegundua kwamba kazi yao yaweza kufanyika popote, basi wanataka bahari. Mchanga huu ambao sisi tulitupwa juu yake kwa sababu haukuwa na mwenyewe, sasa unapigiwa simu tangu asubuhi.

Kwa kuwa klabu imefungwa na chumba changu kimekuwa ofisi, kila siku baada ya chakula cha asubuhi nilikuwa nakwenda nyumbani kwa Baba. Nawasha jiko dogo la mafuta, nasoma, nafungua mlango kidogo, naufunga. Hakuna aliyeishi mle tangu Mama afariki, na paa limeanza kuvuja upande ulikokuwa mtungi wa maji. Unaukumbuka mtungi ule? Barafu yake tulikuwa tunaivunja kwa kisigino cha kiatu. Mtaa mzima ulijenga kuelekea jua, Baba akajenga kuelekea Bukcheong, kwetu tulikokimbia vita, ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Mama alikuwa akimwambia, "Wewe tazama tu huko. Huko hakuna anayekuona, na hapa watoto wako wanageuka bluu." Sifa moja tu aliipa nyumba ile: samaki bapa aliowachachusha kwa mtama na pilipili hawakuharibika mpaka mwezi wa tano.

Unakumbuka pia kwamba Baba alikataa kuchimba msingi. Mihimili ni mbao za masanduku ya jeshi, misumari aliinyoosha kwa jiwe. Majirani walipoanza kumwaga saruji alisema, "Saruji ya nini? Tunaondoka barafu ikiyeyuka." Na kila alipolewa alirudia lile neno lake: "Siku hiyo nitaibomoa mwenyewe. Simwachii mtu nyumba inayotazama kwetu. Atatazama nini?" Sisi tulicheka. Yeye hakuwa anachekesha.

Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi umepita vibaya. Serikali ilikataza watu watano kukusanyika, hata wa damu moja. Ufukweni, ambako zamani mtaa mzima ulipanga meza za tambiko na kusujudu kuelekea nyumbani, kulikuwa na kamba ya njano na polisi kijana anayetetemeka. Mwanangu wa Incheon hakuja. Tukaenda sisi wanne nyumbani kwa Baba, tukafungua mlango, tukapanga meza kizingitini kama alivyokuwa akifanya yeye, tukawaita Bibi na wote waliobaki kaskazini. Hwa-jin aliisimamisha simu kando ya peasi ili kaka yake asujudu kutoka Incheon. Kijana alisujudu, lakini simu ilianguka, akawa anausujudia ubavu wa sahani. Se-rin alicheka. Sikumkemea, na mimi nilikuwa karibu kucheka.

Baada ya kukusanya vyombo, Hwa-jin hakuizima simu. Alizunguka nayo: dari, kuta, mlango, bahari. Nilidhani anamwonyesha kaka yake.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa pale na kitabu changu, Hwa-jin akaingia simu mkononi, tayari anazungumza. Mteja alikuwa mwanamke wa Seoul, Bi. Bang, sauti ya mtu aliyelala vizuri. Hwa-jin akaninong'oneza, "Baba, sogea kidogo, unaingia kwenye picha." Sikusogea. Kumbe alikuwa ameshamtumia picha za Mwaka Mpya.

Bi. Bang akauliza, "Inatazama wapi?"

Nikamwona mwanangu, dalali wa miaka yote hiyo, anatafuta pa kuanzia. Nikaona hapa ndipo nitakapoiokoa nyumba. Nikasema kwa sauti, "Kaskazini, mama! Kaskazini tupu. Jua halijaingia humu tangu ijengwe."

"Babu, kwa nini mtu ajenge hivyo?"

Ok-bun, nilimwambia yote, na nilimwambia kwa makusudi, maana huku kwetu nani hununua nyumba ya kuitia wafu? Nilimweleza jinsi Bibi alivyobaki kulisha ng'ombe kwa sababu tulisema tutarudi upesi, na meli, na wewe mgongoni kwa Mama. Nikamsimulia tambiko la kizingitini, na jinsi Baba alivyokata roho katika chumba kile kile, ametugeuzia mgongo sisi aliotuzaa ili autazame mlango. Nilipomaliza hata Hwa-jin alikuwa ameinamisha uso. Nikajisemea, imekwisha, hatarudi huyu.

Bi. Bang akasema, "Babu, naomba urudie pale pa mlango. Nilikuwa sijaanza kurekodi."

Anataka kufungua mkahawa. Kaskazini ndiyo hasa aliyokuwa akiitafuta: bahari yote bila jua la kuwachoma wateja macho. Atabomoa nyuma, ataacha mbele, mlango hautaguswa. Pale pa meza ya tambiko patakuwa na viti viwili, kwa wapenzi. Kisa cha Baba kitaandikwa ukutani, kwa ufupi. Jina la mkahawa ameshalichagua: Kaskazini. Mimi nimealikwa siku ya kufungua nikae karibu na mlango, bure, ninywe nitakacho. Hivyo ndivyo nyumba ya Baba ilivyouzwa, na maneno yaliyoiuza yalitoka kinywani mwangu.

Tuligombana, mimi na Hwa-jin, barabarani, tukiwa na barakoa, na kwa sababu ya barakoa ilibidi tupige kelele mpaka wauza ngisi wakatoka nje.

"Baba, nani anaishi mle? Panya na wewe!"

"Mle yumo babu yako."

"Babu yangu yuko makaburini, mimi ndiye ninayefyeka nyasi zake! Mwaka mzima nauza nyumba za watu nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chako. Se-rin anafanya mtihani mbele ya sufuria. Wewe unalala chini kama mgeni. Hii moja ndiyo yetu, na mtu anaitaka kama ilivyo, baridi yake na yote. Nimwambie nini? Asiipende?"

Nimefundisha miaka mingi na najua swali zuri nikilisikia. Yeye si mbaya. Ananikatia nyama vipande vidogo bila kuniuliza kama meno yanauma. Ningekuwa na mtu mbaya wa kumchukia ningelala vizuri zaidi.

Nilikaa siku kadhaa bila kwenda kule. Nilipokwenda, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, nikafungua mlango na sikuona hata maji. Ndipo nilipolielewa lile neno la ulevi wa Baba. Sisi tulioketi mle tulijua tunatazama nini hata palipokuwa na ukungu. Mgeni atatazama mawimbi, naye hana kosa.

Basi nilirudi nikamwambia Hwa-jin: nitatia muhuri wangu kwenye karatasi za mauzo kwa sharti moja. Tunauza kiwanja. Nyumba tutaibomoa wenyewe kabla ya kukikabidhi, mpaka mbao ya mwisho, na mlango utakuwa wa kwanza kung'olewa. Akashika kichwa. "Baba, mlango ndio anaoununua! Unaniulia biashara!" Lakini alimpigia simu mbele yangu, bila kupunguza neno. Bi. Bang alinuna siku mbili. Siku ya tatu akakubali. Atajenga nyingine inayofanana nayo, kwa mbao zilizofanywa zionekane kuukuu. Picha za Mwaka Mpya anazo, fundi wake ataziiga. Mlango utatazama kule kule.

Nimetia muhuri. Sasa nakuomba hivi: ukifika ubalozini, uandike kwa mkono wako kwamba unaruhusu kuuza kiwanja peke yake, na kwamba nyumba ni yetu kubomoa. Bila maneno hayo sharti langu ni la mzee mmoja anayebabaika. Ukiona nakosea, ukaona heri nyumba ibaki hata kwa wapenzi na kahawa yao, basi usiandike, nami sitakulaumu. Wewe pia ulivunja barafu ile. Ila ningependa wa kuibomoa wawe watoto wa aliyeijenga, hata kama mmoja yuko mbali na mwingine hawezi kunyanyua nyundo. Dong-pyo atanyanyua kwa niaba yetu.

Nisalimie sana shemeji, na mwanao Min-cheol na mkewe, na yule mjukuu anayenitumia picha za kasuku. Se-rin anakusalimu, anasema siku ukija atakukopesha meza yake ya jikoni. Hwa-jin hajui kwamba nakuandikia, ila najua angetaka nikwambie anakupenda, maana ni kweli.

Nilitaka kusahau jambo moja, lakini afadhali ulijue. Hwa-jin ameshaanza kutafuta fleti kubwa zaidi, yenye chumba cha Se-rin, cha kazi yake, na changu. Jana aliniuliza ninataka nini chumbani mwangu, akashika kalamu kama anavyofanya kwa wateja. Nikamwambia sitaki kitu, ila dirisha litazame kaskazini.

Hakuandika. Aliifunika kalamu akasema, "Hilo ni rahisi, Baba. Vyumba vya kaskazini hakuna anayevigombania."

Mungu akulinde, wewe na pumzi yako, mdogo wangu, na akujalie kuona nilichoshindwa kukionyesha.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda tangu ulipokuwa mgongoni kwa Mama,

Tak In-hwan