Mtoto wa Juu ya Meza

4 Februari

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Mimi mzima, ukiacha macho, magoti, na jino moja lililobaki kunikumbusha wenzake. Wewe na mjukuu wangu hamjambo?

Umeuliza habari za utoto wetu. Basi jua kwanza kwamba mtoto mzuri kuliko wote pale nyumbani nilikuwa mimi. Watu walikuja dukani kwa babu yako, fundi cherehani, wakinitazama wanasahau walichofuata.

Haya, nimedanganya. Aliyetazamwa ni baba yako. Mimi nilikuwa chini ya meza naokota pini.

Unasema ulimweleza mshauri wa hospitali mambo ya baba yako, naye akakwambia huenda ni maradhi ya nafsi, ya kujikweza: mtu hashibi sifa, haoni maumivu ya mwenzake, na akikosolewa kidogo anawaka. Sisi tulisema "anajisikia" tukaishia hapo. Sasa unataka kujua yalianzia wapi, kabla hujamjibu ombi lake la kuhamia kwako. Nitakwambia ninachokijua, kingine muulize huyo aliyesoma. Mimi niliishia darasa la nne, tena nililirudia kwa kulipenda.

Kila Jumamosi babu yako alimvisha baba yako suti ndogo ya kijivu, akamsimamisha juu ya meza ya kukatia vitambaa ili wateja waone kazi. "Geuka." Anageuka. Makofi. "Fundi, huyu si mtoto, huyu ni waziri." Alikuwa na miaka sita. Akishushwa, hakuna aliyemuuliza kama amekula. Mpaka leo nikinusa pasi ya mkaa namwona kaka yangu kule juu karibu na taa, na alama za chaki za vidole vya babu yako mabegani mwake. Nilimpenda mno. Nilidhani duka zima ni lake.

Jumamosi moja alipanda na homa. Mbele ya mwalimu mkuu aliyekuja kuagiza sare, akatapika kwenye suti. Babu yako hakumgusa hata paji la uso. Alimvua palepale, akaifuta suti, akanivisha mimi. Ikanipwaya, akaibana kwa pini mgongoni. "Tazameni huyu sasa." Wiki mbili hakumsemesha baba yako. Alinisemesha mimi.

Baba yako alikaa chini ya meza na fulana yake. Nami kule juu, unajua nilifanya nini? Nilimtolea ulimi.

Alipopona alishonewa suti nyingine, akarudishwa mezani. Tangu hapo sijawahi kumwona akishuka.

Baba yako mdogo

20 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto ameng'oka jino, sasa mmefanana.

Barua yako imeniliza, kisha ikanikasirisha. Nilipofeli mtihani, baba aliwaambia wageni mimi ni mtoto wa jirani, nami nimesimama palepale na sinia la chai. Harusini kwangu alihutubia dakika arobaini na jina langu hakulitaja. Kwa kuwa alitapika akiwa na miaka sita, ndiyo nimfungulie mlango? Mshauri anasema malezi ni sehemu tu, kuna na yale mtu anayozaliwa nayo. Wewe pia ulisimama mezani. Mbona hukuwa kama yeye?

Ameniambia Jumapili ijayo anakuja na masanduku.

Mwanao

25 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mjukuu asinicheke, ingawa jino lake litaota na langu ndiyo basi.

Mbona sikuwa kama yeye? Nilisimama wiki mbili tu, tena na suti ya kubanwa. Kila nikivimba kifua, pini zinanichoma. Na nikishuka, bibi yako ananituma nikamwage maji machafu. Baba yako hakutumwa hata siku moja, asije akachafuka.

Sikusema umfungulie. Mimi fundi, kama babu yako. Nguo iliyokatwa vibaya naweza kukuonyesha mkasi ulipopotoka, lakini kuonyeshwa hakutaifanya ikutoshe. Mlango ni wako.

Baba yako mdogo

11 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Afya zetu nzuri, wewe je, magoti?

Baba alikuja. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai, niliporudi mwanangu yuko juu ya meza ya chakula, amefungwa tai ya babu yake.

"Geuka," baba anamwambia. "Geuka watu wakuone." Na watu wenyewe hawakuwepo.

Nilimshusha. Nikasema, "Baba, karibu hapa kila Jumapili. Kulala utalala kwako. Na mwanangu hapandi meza."

"Unanifundisha mimi? Mimi niliyekufanya mtu?"

"Chai itapoa, baba."

Hakuinywa. Alibeba masanduku yake, akafika mlangoni, akasimama. Akauliza bila kunitazama, "Baba yako mdogo bado anayo ile suti?" Sikuwa nimemwambia kwamba umeniandikia.

Jumapili iliyofuata niliandaa vikombe vitatu. Hakuja.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Magoti yananisalimia kila nikisimama.

Suti ninayo. Imo kwenye sanduku la cherehani, doa kifuani, matundu ya pini mgongoni. Miaka sitini na nne nimeitunza nikingoja aiulizie, nipate pa kuanzia kumwomba radhi kwa ule ulimi. Nilipopata barua yako nikamwandikia siku hiyohiyo: ipo, kaka, njoo, na unisamehe. Hajajibu. Pengine hatajibu. Kwake, kuja ni kukubali kwamba alitapika. Wewe endelea kuweka kikombe cha tatu, lakini mtoto asipandishwe meza tena.

Namngoja mpaka mwisho wa mwezi. Asipokuja, naifumua nimshonee mjukuu kimfuko cha gololi, achezee chini sakafuni.

Ila tundu la sindano silioni. Unakumbuka ulipounguza gauni la bibi harusi hapa dukani, una miaka tisa, nikasema nimeunguza mimi? Uliapa utanitungia uzi maisha yangu yote. Bado naishi. Sindano sita zinakusubiri, njoo Jumamosi.

Baba yako mdogo