Sukari Ilikaa Badala Yake

Jumatatu, 4 Machi 1968

Ndizi jikoni, uji wa mama mkwe, ugomvi na mafundi. Siku kama zote. Mafundi wanataka saruji zaidi kwa ajili ya ngazi. Ghorofa, hapa Kamachumu, ya watu watatu! Mume wangu Rwehumbiza anasema anataka akiamka aone ziwa. Ziwa analiona tangu azaliwe, tena bure.

Kwa jirani yetu Ma Kokubelwa kuna msiba. Amefiwa na mumewe. Kijiji kizima hakijashika jembe, ndivyo tunavyofanya mtu akifa. Wanaume uani kwenye moto, wanawake ndani kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Mume wangu amemtuma dereva na lori: gunia la sukari, mablanketi, sanda nzuri. Mwenyewe kaenda Bukoba na kahawa yake. Nilimwambia nenda ukakae nao japo kidogo. Akasema sukari itakaa badala yake. Nimekasirika mpaka nimemwaga uji.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetoka msibani. Wanawake walinisogelea vizuri, wakanipisha, wakaniuliza hali ya mama mkwe. Heshima nyingi mno. Sikuipenda.

Gunia letu liko pembeni ya mlango, mdomo bado umeshonwa. Wanakunywa chai ya rangi bila sukari, na gunia liko pale pale. Hakuna aliyelitazama. Mimi nililitazama siku nzima.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya misa balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Mutalemwa, alimsimamisha mume wangu nje ya kanisa. Alisema taratibu, "Hatukuombi kitu, waitu, ndugu yetu. Tunakuomba wewe mwenyewe uje." Basi. Mume wangu alicheka, akaingia kwenye gari. Njia nzima alikuwa anafoka. Tangu Azimio la Arusha litangazwe kila mwenye mali ni mnyonyaji. Mali yake ni jasho lake. Mabati ya zahanati nani katoa? Watoto wao nani anawasomesha?

Ni kweli, anatoa kuliko wote. Nimelifikiria hilo wakati namenya ndizi. Mtu mkarimu hivi anachukiwaje? Halafu nikaona. Hakuna kaburi hata moja kijijini hapa ambalo ameshika jembe kulichimba.

Jumatano, 27 Machi

Mama mkwe ni mgonjwa. Miguu imevimba, anahema kwa shida. Zamani wanawake wangejaa chumbani kwake, na kahawa ya kutafuna, na maneno yao. Sasa haji mtu. Amenishika mkono. "Mwanangu, usikubali nizikwe na vibarua. Nizikwe na watu."

Nilimwambia mume wangu. Akasema mama asiwe na wasiwasi, ataleta mafundi wa mjini, kaburi la saruji, la vigae, ambalo halijaonekana huku. Alisema kwa sauti, ili mama asikie afurahi. Mama aligeukia ukutani.

Naogopa. Naandika wazi: naogopa.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Asubuhi tumesikia vilio upande wa chini. Hakuna aliyekuja kutuambia. Hapa kwetu hata kichaa hupelekewa habari ya msiba! Nimejifunika kitenge, nimekwenda mwenyewe. Wameniambia "Karibu, mwalimu." Mwalimu! Nimeacha kufundisha tangu niolewe. Siku zote wananiita kwa jina langu, Ma Joventa. Nimekaa karibu na mlango. Hakuna aliyenipisha.

Mume wangu amemtuma dereva na blanketi. Dereva karudi nalo.

Jumanne, 23 Aprili

Mama amefariki alfajiri. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu.

Nimepiga yowe. Kwetu yowe likipigwa hupokelewa, nyumba kwa nyumba, mpaka ng'ambo ya kilima. La kwangu halikupokelewa. Nimepiga tena. Kimya. Baadaye nikasikia kitu, nikadhani wanakuja. Majembe. Walikuwa wanalima. Mama kalala ndani, na watu wanalima! Sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile.

Mume wangu aliamuru lori liende Bukoba kuleta wachimbaji. Nilisimama mbele ya lori. Dereva akazima injini. Nikamwambia mume wangu mbele ya mafundi wote: mama alikataa vibarua. Nenda kwa miguu, mlango kwa mlango, mikono mitupu. Alishika mfuko wa koti wenye pochi. Nikamvua koti. Sijui nilipata wapi ujasiri.

Amekwenda. Amerudi kalowa chapachapa. Majembe yamenyamaza, au ni mvua tu, sijui.

Jumatano, 24 Aprili

Wamekuja! Wanaume na majembe yao, Ta Mutalemwa mbele, wanawake nyuma. Hawakumsalimu mume wangu. Ta Mutalemwa alisema tu, "Tumekuja kwa mama yako."

Wamemchimbia mama kibanjani, kati ya migomba yake, kaburi refu lililonyooka. Wanawake wamemwosha. Wamemlilia kwelikweli. Ma Kokubelwa alilia mpaka akashikwa. Mama kazikwa na watu. Namshukuru Mungu kwa hilo, na nitamshukuru daima.

Kisha wakaenda kunawa kijitoni. Maji yetu yalikuwa kwenye mapipa, hakuna aliyeyagusa. Tulichinja ng'ombe. Hawakula. Hakuna aliyekaa wala aliyelala. Jua halijazama, uwanja mtupu. Mume wangu kakaa peke yake kwenye moto wa matanga, akichochea kuni. Nyama itaoza. Sijali nyama. Nimeona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Jumanne, 7 Mei

Vilio tena, kwa mzee wa bondeni. Hatukuambiwa. Mume wangu aliondoka bila kuniaga, kwa miguu, hana chochote mkononi. Nilimfuata kwa mbali, nikakaa na wanawake mlangoni, namwona.

Aliketi kwa wanaume kwenye moto. Wakainuka mmoja mmoja, bila hasira, wakahamia upande wa pili wa uwanja. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemtazama. Manyunyu yakaanza. Alibaki pale pale kwenye nyasi, moto ukazimika, hakuinuka mpaka jioni.

Kula kala kidogo. Hajauliza habari za ngazi.

Jumatano, 8 Mei

Ameamka mapema. Ameuliza kama shati la jana limekauka. Nimemwambia bado bichi. Amelivaa hivyo hivyo, ameshuka bondeni.