Safu Isiachwe Wazi

Jumanne, 15 Julai 2025

Itangazwe Makole nzima, na vumbi lisikie: leo saa nne asubuhi ofisi yetu ya ustawi imepokea sofa. Moja. Rangi ya maziwa. Na boksi la tishu. Ndicho Chumba cha Faraja! Agizo la serikali: aliyeumizwa asiumizwe tena na huduma, asisimulie yake mbele za watu. Bosi wetu, Anyitike, kakifunga, ufunguo mfukoni. Hakuna kukalia mpaka mgeni rasmi azindue Jumatatu.

Jumatano, 16 Julai

Semina. Chai, chapati mbili, mtihani. Nimepata tisa kwa kumi, nikampita Anyitike. Kasema ni bahati.

Alhamisi, 17 Julai

Kaja mwanamke wa Kondoa, Hamida. Mkono umening'inizwa kwa kanga. Anataka barua wanawe wapokelewe shule ya huku, mumewe asijue walipo. Nikamwambia chumba chake kipo, ila hakijazinduliwa. Basi kasimulia kaunta, foleni ikisikiliza. Mama mmoja akamwomba apaze sauti — huku nyuma hatusikii, mwenzetu!

Kisha kitabu cha wageni: Jina, Anakoishi, Simu, Shida. Anakoishi hataki kuandika.

"Kaka, hapo paache tu."

Paache! Miaka kumi na moja kitabu changu hakijawahi kuwa na safu tupu. Mkaguzi alinisifu kikaoni. Nikamwambia: hujajaza, hupati barua. Akajaza, kwa mkono wa kushoto: Miyuji, nyuma ya mashine ya kusaga ya Abdulwahab. Simu? Ilivunjwa siku ile ile mkono ulipovunjwa. Nikamwandikia mwenyewe: HANA. Ukurasa umependeza.

Barua bado. Anyitike yuko kwenye maandalizi. Arudi Jumanne.

Ijumaa, 18 Julai

Hatukupokea watu. Tumepamba.

Jumatatu, 21 Julai

Utepe, turubai, pilau. Mgeni rasmi kakalia sofa, kapigwa picha, kasema kweli linafariji.

Wakati wa makofi kaingia mwanamume, kanzu imepigwa pasi. Kaniamkia: shikamoo mzee. Anaitwa Nurdini, anamtafuta mkewe Hamida. Nikajibu kisomi: habari za mteja ni siri, hatutoi. Tisa kwa kumi! Hakubisha. Kaomba walau asaini kitabu, ionekane alifika. Adabu kama hii siku hizi huioni. Nikamsogezea kitabu, na kalamu.

Kaandika taratibu, kidole cha mkono wa pili kikipanda mstari kwa mstari. Kikatulia. Kanishukuru, kakataa pilau, kapanda bodaboda.

Ndipo nikasoma. Kwenye Shida kaandika: imekwisha.

Nimemfuata Anyitike mezani. Kasema nisiharibu shughuli, mgeni hata hajanawa. Polisi nao wako hapa hapa, wanalinda msafara wa mgeni. Wanakula.

Saa saba na robo. Nimerudi kaunta kutafuta namba nimwonye. Mstari wa Hamida, safu ya tatu. Mwandiko wangu, herufi kubwa: HANA.