Mistari Yenye Alama ya Reli

Bellevue, Johannesburg

Wifi yangu Nasra,

Salaam aleikum. Baridi ya huku inauma mpaka meno; mengine ni salama, tuseme hivyo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu sauti yangu ingenisaliti.

Unauliza kila wiki kwa nini kaka yako Luqman hairekebishi tovuti ya chama chetu cha mazishi. Ninahangaika nayo mimi. Eish, wifi! Faili linaloiambia seva, ile kompyuta inayoiendesha tovuti, ifanye nini lina mistari zaidi ya mia. Nilisahau nuktamkato moja tu, seva nzima ikagoma kuwaka.

Kinachonisaidia ni mistari inayoanza na alama ya reli, hii #. Mashine huiruka, Luqman aliiandika kwa ajili ya binadamu: "Hapa ni jina la tovuti. Hapa usiguse kabla hujatoa nakala."

Sikukwambia, lakini tangu alipopata kiharusi mwezi wa Ramadhani, mambo mengi yamemtoka akilini. Jana nilimkalisha kando yangu, labda atakumbuka. Akaisoma mistari yake polepole, akitabasamu.

"Huyu bwana anaeleza vizuri," akaniambia. "Mpigie simu aje atusaidie."

Wifi yako, asiyejua ampigie nani,
Mayasa