Soksi za Babu Eino

Jumatatu, 8 Julai 2019

Caen, Ufaransa. Mvua. Miguu inaniwaka! Historia niliyoifeli kwetu Thunder Bay, Kanada, sasa naisoma kwa kutembea. Wiki tatu za ziara, somo moja la kumalizia sekondari. Nikilikosa, narudia mwaka. Tamsin, ninayelala naye chumba kimoja, amekuja tu ili mwakani apunguziwe vipindi. Raha yake.

Kesho makaburini. Kila mmoja atamwelezea mwanajeshi mmoja wa Kanada. Mimi nina Babu Eino, kaka yake bibi. Aliuawa hapa 1944, mguu mmoja soksi nyekundu, mwingine ya kijivu — mama yake aliishiwa uzi akizifuma. Nimemsimulia Tamsin kwa mazoezi. Kafuta machozi. Nikafurahi.

Jumanne, 9 Julai

Mwizi! Mwizi mkubwa!

Tamsin aliitwa kabla yangu. Kasimama kwenye kaburi la mtu asiyemjua, kasema ni ndugu wa bibi yake. Soksi nyekundu, soksi ya kijivu. Hata pale ninaponyamaza kidogo, na yeye alinyamaza! Mwalimu Prudhomme akajifuta macho. Zamu yangu — niseme nini? Soksi zilezile? Nilisoma tu jina la Babu Eino kwenye jiwe, basi. Mwalimu akasema kwa upole kwamba ningejiandaa. Ningejiandaa!

Nikamkabili Tamsin. "Acha hizo, Linnea. Wafu hawana wivu."

Sawa.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwambia mwalimu. Eti tutazungumza tukirudi nyumbani. Maksi akishazitoa!

Wakati wa kula, Tamsin kanikonyeza: "Bado umenuna, shoga? Nipe siagi." Nikampa. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Sheria tumeimbiwa tangu uwanja wa ndege: ukikosa siku moja ya masomo, somo huna. Sasa hivi anaoga. Simu kaiacha wazi, inapiga muziki. Nimeizima kengele ya asubuhi.

Alhamisi, 11 Julai

Naandika basini. Nilitoka chumbani viatu mkononi, alikuwa anakoroma.

Mwalimu kaita majina. Kwa Tamsin nikajibu mimi: "Yupo, amelala nyuma." Tukaondoka.

Huyo! Anakimbia barabarani, nguo za kulalia, miguu mitupu, nywele timutimu! Tumesimama kwenye taa. Kaniona kupitia kioo. Midomo yake naisoma vizuri: tafadhali.

Mwalimu: "Linnea, unatazama nini huko nyuma?"

Nimeinama. Naandika. Taa bado nyekundu —