Cherehani Mpya, Mguu wa Zamani

Mwanangu,

Nimewahi kazini. Chai iko kwenye chupa. Shati lako liko kitini, usilivae kabla ya kulikagua!

Asubuhi nilikuwa nakushonea pindo za mikono kwa cherehani mpya uliyoninunulia. Mguu ukajisahau, ukaanza kidole, kisigino, kidole, kisigino, kama nilivyozoea kwa ile ya bibi yako. Hii ya umeme ikatoka mbio. Kushtuka, nikakanyaga zaidi. Kufumba na kufumbua, mkono wa kulia umeshonwa ukazibika. Cheka, lakini baba yako asijue.

Mkono wa kushoto nimeushona kwa ile kuukuu. Mshono umepinda kidogo, ila huo unavalika. Wa kulia umenyooka kama rula, nakiri.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akija kuichukua ile ya bibi, ~~msaidie kuibeba~~ mwambie nimeghairi. Najua jana nilikubali. Jana nilikuwa sijakaa kwenye hii yako.

Jioni nifundishe kanyagio lake, taratibu. Ile ya bibi imekwenda kwa mwendo wangu miaka thelathini. Wewe nawe nisubiri kidogo.

Mama yako