Mtaa Uliomo Ndani ya Kanda

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Kuna sauti moja ambayo imekaa nami miaka tisa, na leo inatangulia hata kabla sijakujulia hali. Katika kanda ya tatu ya masomo ya Kichina, zile alizonipa mwalimu wangu alipostaafu, mwanamke anasoma sentensi, kisha ananyamaza ili mwanafunzi aifuatishe. Ndani ya kimya kile, nje ya dirisha lao, mtu anapita akinadi kitu. Ni neno moja refu, linapanda, linajikunja, linashuka. Halafu kengele ya baiskeli, basi. Najua si adabu kukusimulia sauti wewe, ambaye hujasikia kitu tangu nikiwa na miaka minne. Lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba jambo la kweli halipitishwi mlango wa nyuma.

Magoti yanaendeleaje? Na ile cherehani ya pili, imeacha kuruka nyuzi? Kaka aliniandikia kwamba fundi alihangaika nayo asubuhi nzima, wewe ukaiwekea kiganja tu, ukamwonyesha penye kasoro. Nilicheka peke yangu. Wifi naye na tumbo lake hajambo? Mimi mwili u mzima. Ninachokuomba ni kimoja: soma hadi mwisho kabla hujamwita Mjomba, kwa maana ninaomba radhi yako, si yake.

Unakumbuka tulivyokubaliana nilipokuja nyumbani. Nitakwenda Uchina, ndiyo, lakini pamoja na Bosi ninayemtafsiria na wafanyabiashara wenzake, wiki mbili, hoteli na ghala, ghala na hoteli. Mjomba alisema hata mzigo hausafiri bila risiti, seuze mtoto wa kike. Kila mtu akacheka, nawe ukacheka uliposoma midomo yake, nami nikacheka nikaitikia. Mama, sikuwa nimekubali. Tangu nihitimu sijapata kusema Kichina sentensi yangu mwenyewe. Nimesema unene wa vigae, rangi za masinki, tarehe za meli. Sikutaka kwenda huko nikiwa mdomo wa mtu. Nilitaka kwenda peke yangu, nisimame kwenye mtaa ule, ninyamaze.

Basi nikaanza kupanga yangu. Kwenye jalada la kanda kuna jina la chuo na la mtaa zilikorekodiwa. Nilinunua ramani, nikaibandika juu ya kitanda, nikautafuta mtaa huo kwa kidole mpaka nikaupata, mfupi kama ukucha, kati ya mto na njia ya reli. Nikaenda kuomba viza. Mama wa dirishani alizungumza kupitia kitundu cha kioo, nikamwomba aniandikie maswali yake, nikisingizia kelele za feni. Alitaka kujua nakwenda kwa nani. Nikasema siendi kwa mtu. Biashara je? Hapana. Masomo? Nimeshamaliza. Akaweka kalamu chini, akaniandikia kwamba binti, hiki kisanduku lazima kijazwe, usinitie matatani. Nikamwambia ajaze matembezi. Akajaza huku akitikisa kichwa, kama daktari anayemwandikia mgonjwa dawa asiyoiamini.

Sasa nikuambie kwa nini Bosi hayumo tena katika safari hii. Mkalimani, Mama, ana mahali pake: huketi nyuma ya bega la tajiri, asionekane, ili wakubwa wazungumze kana kwamba hayupo. Mimi tangu mwaka jana nilianza kukihamisha kiti. Kwanza pembeni, kisha kwenye kona ya meza, mwishowe nikawa nakaa uso kwa uso na wageni. Mtunza stoo akawa ananitania kwamba siku hizi tuna mabosi wawili, na wa pili anavaa sketi. Bosi mwenyewe hakutania. Alisema mkalimani ni kivuli, na kivuli hakivutiwi kiti. Nikasema mgongo unaniuma.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kutoka kiwandani, ana mafua, barakoa imempanda hadi chini ya macho. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa upole. Nikakitazama kile kitambaa cheupe kikivuta na kutoa pumzi. Halafu Bosi akanigeukia akingoja, kama siku zote. Mama, nilitunga. Nilisema lile ambalo mtu kama yule, siku kama ile, angelisema: kwamba amefurahi kutuona, mzigo ni mzuri, tuupokee. Mzee akainamisha kichwa, maana alidhani nimesema yake. Bosi akatia saini.

Siku tatu baadaye ikaja barua ya mzee. Alishukuru kwa mapokezi, kisha akasema kuna jambo linamnyima raha. Aliungama mbele yetu kwamba vigae vile vilitolewa tanurini kabla ya wakati, vitapasuka, na akatuomba tuvikatae, mbona tumevipokea? Ofisi nzima hakuna azijuaye herufi zile ila mimi. Ningeweza kumsomea Bosi salamu peke yake, na dunia ingeendelea. Nilimsomea yote. Akaniuliza polepole kama siku ile alikuwa ameajiri mkalimani au mtunzi wa hadithi. Mtunza stoo, ambaye hakosi utani, alinifungulia mlango. Nikatoka na kamusi yangu na kikombe changu. Mpaka leo Mjomba ananitumia ujumbe kuuliza Bosi ameshapanga tutaondoka lini, nami namjibu bado.

Utauliza imekuwaje mtu aliyesoma miaka yote hii akashindwa na kitambaa cha barakoa. Au huulizi. Pengine umeshaelewa, kwa kuwa wewe ungelijua mapema kuliko wote.

Tulipokuwa wadogo ulizoea kutuvizia kwa nyuma, ukauachia mfuniko wa sufuria sakafuni, ukatazama kama mabega yetu yameruka. Kaka aliuita mtihani wa taifa. Mara ya mwisho nilipokuja, nimekupa mgongo nakatakata vitunguu, uliuachia tena. Niliruka. Ukanikumbatia, ukacheka kwa ile sauti yako ambayo hujui ukubwa wake, ukaandika kwenye kibao kwamba maradhi yako kwangu yamepita mbali. Mama, sikuusikia. Nilikuona kwenye kioo cha dirisha, mkono umeuinua. Niliruka kwa macho.

Daktari wa masikio amenionyesha mstari wa usikivu wangu unaoshuka. La kulia limekwisha. La kushoto anasema mwaka, pengine miezi minane. Kifaa kitaniletea kishindo, hakitaniletea uwazi. Zinazotangulia kuondoka ni sauti nyembamba, na Kichina chote kimesimama juu ya sauti kupanda na kushuka. Nikiiweka kanda sasa, yule mwanamke yuko ndani ya ndoo ya maji. Mpita njia ndiye aliyeondoka kwanza. Nimebana sikio kwenye spika mpaka likavimba, nimepiga magoti mbele ya redio nikimsihi kama mwendawazimu, hayupo. Namkumbuka tu, na kumbukumbu nayo naiona inachakaa kwa kushikwashikwa.

Usijilaumu. Nakukataza, mimi mtoto, nisamehe. Ila siku moja uliniambia kwamba sauti zilikutoka bila kukuaga, na kwamba ya babu huikumbuki kabisa kwa sababu hukujua kama ni ya kuhifadhiwa. Mimi nimeambiwa mapema. Siwezi kulikalia jambo hilo nikingoja wa kunisindikiza, wala siwezi kwenda na watu ambao siku ya kwanza tu watagundua na kunirudisha nyumbani kama chombo kibovu.

Nisalimie Kaka, umwambie vitabu vyangu viko kwa fundi viatu wa chini ya ghorofa, avifuate kabla havijageuka vifungashio. Wifi ajifungue salama. Mjomba naye mpe salamu, na umsomee mwenyewe yale utakayoona anastahili.

Radhi niliyosema naiomba, Mama, naiomba nikiwa nimeshaondoka. Chumba nilikirudisha juzi. Naandika katika ukumbi wa kuondokea, na ukiisoma hii nitakuwa na siku ya sita au ya saba huko. Tiketi ya kurudi ninayo, ya siku ya thelathini. Mfukoni nina kadi niliyoiandika kwa herufi zao, kwamba mimi sisikii vizuri, tafadhali niandikie. Ni mara ya kwanza kuyaandika maneno hayo mahali popote, na hivi punde nilimwonyesha mkaguzi wa pasipoti kadi nyingine kama hiyo, ya Kiswahili. Aliisoma, akaongea polepole akinitazama usoni. Watu wa upande wangu wanasimama. Bila shaka tumetangazwa. Sanduku la posta liko hatua sita, nimeshabandika stempu.

Mimi mwanao,
Kitindamimba